Upande Aliokaa Mama Mkwe

Kama gazeti la wiki jana lilikupita, au lilifungia nyama kabla hujalisoma, nitakueleza kwa ufupi. Mimi ni Noah, niliyekuwa nyapara kwenye shamba la chai hapa Kericho mpaka mashine za kuchuna majani zikaja zikatufuta kazi, wachunaji na nyapara wao. Baadaye ng'ombe wangu wa maziwa akavimba tumbo akafa. Halafu nikamvua mama mkwe kitambaa cha kichwa mbele ya kanisa zima, na mke wangu Tecla akabaki kwao Londiani.

Wengine wenu mmeniuliza mtu mzima anawezaje kumvua mama mkwe kitambaa. Ni rahisi.

Vitambaa vya milango ya gari langu vilikuwa vimebanduka. Nasema kile kipande cha katikati, pale unapoegemeza kiwiko. Sponji ya ndani ilikuwa imeoza ikawa unga wa manjano, na kitambaa kikawa kinaning'inia. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niliziba kwa pini, zile za nepi ya mtoto.

Siku hiyo mama mkwe alisinzia akiegemea mlango. Ni mama mfupi, na ncha ya kitambaa chake ikanasa kwenye pini. Tulipofika kanisani nikazunguka nikamfungulia mlango kwa heshima zote. Mlango ukaja na kitambaa.

Ningeishia hapo, lingekuwa jambo la kucheka tu. Lakini nilikiokota kile kitambaa nikamfunika kichwa kwa mikono yangu miwili.

Kwetu Wakipsigis, mwanamume hamgusi mama wa mke wake. Hamsalimii kwa mkono, hali naye meza moja, na wakiwa na la kuambiana hupitishia kwa mtu mwingine. Mimi nilimshika kichwa, na chama cha akina mama kilikuwa kimepanga mstari pale mlangoni kikitazama.

Tecla alinitazama mara moja, akamwongoza mama yake ndani. Mimi nikarudi kwenye gari nikajifungia humo, na jioni nikaenda nyumbani peke yangu.

Sasa tuendelee.

Weldon, kaka yake Tecla, alinipigia simu mvua ikinyesha.

"Shemeji, mama ameongea."

"Amesemaje?"

"Amesema atapanda hiyo gari tena. Jumapili, kutoka hapa nyumbani mpaka kanisani. Wale walimwona kichwa wazi, wamwone akishuka na kitambaa yake. Akishuka vizuri, hayo maneno yamekwisha na Tecla anaweza kurudi."

"Na asiposhuka vizuri?"

"Shemeji, tengeneza gari."

Nikasema sawa.

Siku hizo nilikuwa nikisema sawa kwa kila kitu. Waliponiambia kazi imekwisha, nilisema sawa. Daktari wa mifugo aliponiambia ng'ombe amekwenda, nilisema sawa. Msidhani nilikuwa mpole. Ndani yangu hakukuwa na kitu kinachosogea, na hilo ndilo neno lililokuwa jepesi kulitoa.

Mume hamfuati mke peke yake, kwa hiyo nikamwendea Baba Mdogo Kipkosgei, ndugu ya marehemu baba yangu, anisindikize. Alikuwa akinoa panga.

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame," akasema. "Tutaenda na tutainama. Lakini kwanza hiyo mlango. Pini toa yote. Nikiona hata moja, mimi sipandi."

Nikaenda mjini kwa Wakonyo.

Wakonyo ni fundi wa viti vya gari, ana kibanda nyuma ya stendi ya Kericho. Ni mama wa Kikikuyu aliyekuja hapa akiwa bibi harusi, na mpaka leo anailalamikia mvua ya huu mji kana kwamba alifika jana. Alifungua mlango wa nyuma, akachomoa pini moja, akainyanyua juu kwenye mwanga.

"Nani alikufanyia hii kazi?"

"Mimi."

"Ulikuwa unavalisha gari nepi?"

Akafungua skrubu, akapenyeza bisibisi pembeni, na klipu zikaachia moja baada ya nyingine. Paneli ilipotoka, unga wa manjano ukamwagika kwenye viatu vyake.

"Angalia hapa, Baba Vinny," akasema. Vinny ni binti yetu, yuko shule ya bweni, na Wakonyo anamjua. "Hii ubao ya ndani imekunywa maji. Mvua inashuka na kioo, inaingia kwa mlango. Hata nikikubandikia kitambaa ya waziri, itatoka tu."

"Kwa hivyo?"

"Nitatoa yote. Nikwangue hii uchafu, nikaushe ubao, niweke sponji mpya na leza, hii ngozi ya plastiki. Leza haishiki nguo. Unaenda wapi na haraka hivi?"

Nikamweleza. Sijui kwa nini nilimweleza, maana hata ndugu zangu sikuwa nimewaambia yote. Alinisikiliza huku akikwangua kwa brashi ya waya, na nilipofika pale pa kumfunika mama mkwe kichwa, brashi ikasimama.

"Ulimshika?"

"Nilimshika."

"Hata mimi si wa huku, lakini hiyo najua haifanywi."

Alizibandika paneli zote nne. Leza nyeusi, imevutwa ikanyooka, huwezi kuona hata kunyanzi moja. Akaniambia nisizirudishe kwenye gari mpaka gundi ikauke kabisa, na kwamba kibandani kwake haziwezi kukaa kwa sababu paa linavuja.

"Peleka nyumbani, uweke mahali pakavu. Jumamosi ulete tufunge."

Nikasema sawa. Nikaondoka na paneli kwenye kiti cha nyuma, milango yote ikiwa chuma kitupu na nyaya.

Ukimwambia Mkipsigis aweke kitu mahali pakavu, hafikirii kabati. Anafikiria tabut. Ni dari ya jikoni, juu ya moto wa kuni, mahali tunapohifadhi mahindi yasiote ukungu. Mvua ya Kericho imejaribu miaka yote na haijawahi kufika huko. Kwangu jiko ni la gesi, hivyo nikazipeleka paneli kwa Baba Mdogo. Mke wake, Mama Rodah, alipanda ngazi mwenyewe akazipanga kando ya mahindi ya mbegu.

"Hapa hata karatasi inakauka," akaniambia.

Wiki hiyo ilikuwa zamu yao ya kupokea watu wa maombi. Moto haukuzimwa. Walichemsha maharagwe, wakachemsha chai, wakasonga ugali, wakachemsha chai tena.

Jumamosi asubuhi tukaziteremsha.

Zilikuwa zimepinda kama mfereji wa bati. Leza ilikuwa imefura mapovu, mengine makubwa kama sarafu, na masizi yameingia kila mahali. Zilinuka moshi kama kibuyu cha mursik, yale maziwa yetu ya kugandisha.

Mama Rodah aliigonga moja kwa kidole.

"Lakini zimekauka," akasema.

"Zimekauka," nikasema.

Wakonyo aliichukua ya kwanza, akaigeuza, akainusa. Akainusa tena.

"Baba Vinny, ulipika mlango?"

"Niliweka mahali pakavu."

"Mahali gani?"

"Juu ya moto."

Akakaa chini juu ya bunda la leza. "Mimi kwetu mahali pakavu ni chini ya kitanda," akasema, kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa aproni. Mimi nikasimama nikangoja amalize. Nilijua ni jambo la kuchekesha, ila kicheko hakikunijia.

Aliponiona hivyo akanyamaza.

"Mama mkwe alikuwa amekaa wapi?"

"Nyuma, kushoto."

"Basi tunaokoa hiyo moja. Hizo zingine tutazifanya wiki ijayo. Wewe shida yako ni mlango mmoja."

Ubao wa kukata hakuwa nao, na duka la mbao lilikuwa limefungwa kwa sababu ya mazishi. Akalisogeza kabati lake mwenyewe, akang'oa ubao wa mgongoni, akaupima juu ya ule uliopinda, akaukata. Kazi hiyo ilichukua siku nzima. Alipaka gundi, akaiacha mpaka inate kidole, akabandika, akaigandamiza paneli chini ya cherehani yake nzito huku akipuliza kwa kile kifaa cha kukausha nywele alichoazima saluni ya jirani.

Alipomaliza kuifunga, akaingia kwenye gari. Akakaa nyuma kushoto, akaegemeza kichwa na kilemba chake kwenye leza.

"Fungua kutoka nje. Fungua vile ulifungua ile siku."

Nikafungua. Kilemba kikabaki kichwani.

"Umeona? Sasa enda ulete bibi yako."

Nilimshukuru. Nilitaka kumshukuru zaidi ya pale, kwa sababu ya lile kabati, lakini maneno yalikuwa machache.

Jumapili mapema nikampitia Baba Mdogo. Alizunguka gari lote akitafuta pini. Hakuiona hata moja, ila aliona milango mitatu iko uchi.

"Hii umewacha hivi?"

"Mama anakaa ule upande mwingine."

"Haya," akasema, akapanda mbele. Njia nzima kupitia Chepseon ile milango mitupu ilipiga kelele, naye akawa akirudia kwa sauti ya chini hotuba aliyoiandaa.

Tulikuta wametungoja nje. Mama mkwe alikuwa amefunga kitambaa kipya cheupe, amekikaza chini ya kidevu. Nyuma yake alisimama Tecla. Alikuwa amenyoa nywele, na sikujua kama nimwambie amependeza au ninyamaze.

"Umefika," akaniambia.

"Nimefika."

Basi. Nikarudi kwenye usukani, maana Baba Mdogo alikuwa ameniagiza nikae ndani ya gari mama akipanda na akishuka.

Mama mkwe akaja mpaka mlango wa nyuma kushoto. Baba Mdogo akamfungulia. Leza iling'aa. Mama aliitazama muda mrefu, na mimi nilimtazama kwenye kioo, nikifikiria mgongo wa kabati la Wakonyo.

Kisha akageuka. Akazunguka nyuma ya gari, akafungua mwenyewe mlango wa kulia. Pale palikuwa na chuma, tundu la spika, na nyaya nilizozibana kwa selotepu.

"Mama," Baba Mdogo akasema, "ule upande ndio umetengenezwa."

Mama mkwe alimgeukia Tecla, ingawa sote tulikuwa tunasikia. "Mwambie mzee, pale nilivuliwa. Mimi sikai tena pale."

"Lakini huku ni chuma tu."

"Chuma haina pini."

Akapanda. Baba Mdogo alinitazama, nikatazama mbele. Tecla akaingia upande wa leza mpya, akakaa katikati ya kiti, mbali nayo. Nikawasha gari.

Kanisani akina mama walikuwa nje wamejipanga, maana habari ilikuwa imezunguka kijiji chote. Niliweka mikono kwenye usukani na sikuitoa. Mama mkwe akafungua mwenyewe, akashuka, akasimama wima. Akakigusa kitambaa chake. Kilikuwa mahali pake.

Mmoja wa wale akina mama akapiga makofi, na wengine wakafuata. Mama mkwe akatembea katikati yao polepole, na alipofika mlangoni akageuka akamwambia Baba Mdogo kwa sauti ya kufika barabarani, "Hiyo gari haina maneno tena. Yamekwisha."

Baba Mdogo akashusha pumzi. Mimi nikajiuliza kwa nini sifurahi, na nikajijibu kwamba furaha huenda itakuja nikishakula.

Baada ya ibada tulikula kwa Weldon. Baba Mdogo alitoa hotuba yake yote, na mursik ikazunguka. Wakaomba. Weldon akasema, "Basi mtoto wetu arudi kwake," na wote wakasema amina. Tecla akaingia ndani akatoka na begi. Baba Mdogo alikuwa ametengewa bakuli la pili, akatupungia mkono.

"Nendeni. Mimi nitalala hapa niongee na wazee."

Tukaondoka, Tecla amekaa mbele kando yangu.

Nyumba zikaanza kupungua.

"Noah," akasema, "nani aliniuliza?"

"Kukuuliza nini?"

"Kurudi. Mama aliulizwa. Weldon alikupigia simu. Baba Mdogo alitafutwa. Hata fundi wako, Weldon amekutana naye stendi, anajua habari yetu yote. Mimi nimeitwa nichukue begi."

"Nilidhani ulikasirika kwa sababu ya mama."

"Mama ndiye alikasirika. Mimi nilimwingiza ndani nikarudi nyuma ya choo nikacheka. Nilicheka nikashika ukuta." Hakuwa akicheka sasa. "Nilingoja utoke kwa gari tucheke pamoja. Hukutoka. Jioni nikamtuma Weldon akuambie nitalala kwa mama. Ulimjibu nini?"

Nikabadilisha gia.

"Ulisema sawa," Tecla akasema. "Ukawasha gari. Hukuuliza kwa nini, hukuuliza mpaka lini. Kazi ilienda, sawa. Ng'ombe akafa, sawa. Nikasema wacha nione kama hata mimi nikienda itakuwa sawa."

Hilo lilinichoma. Nilishangaa kuona ndani yangu bado kuna mahali panapochomeka.

"Nilitengeneza mlango," nikasema.

"Nimeona. Ni mzuri."

Tukaanza kuteremka kuelekea barabara kuu. Pale ndipo panapoitwa Londiani Junction, ukikata kulia unaenda Kericho, ukikata kushoto unaenda Nakuru. Tecla alilivuta begi kutoka miguuni akaliweka mapajani.

"Hii begi sikuipanga ya kurudi kwako," akasema. "Nimepata kazi Nakuru, jikoni kwa shule. Wananingoja kesho. Mama hajui, Weldon hajui. Wewe ndiye wa kwanza kusikia."

Neno lile lilikuwa tayari kwenye ulimi. Nikalimeza.

"Simama hapo kando."

Nikasimama kabla ya njia panda. Wauza viazi wakaja dirishani, wakatuona nyuso, wakaondoka.

"Nitakuuliza kitu kimoja na usinijibu haraka," Tecla akasema. "Unataka nirudi?"

Baba Mdogo angesema ndiyo. Mwanamume yeyote mwenye akili timamu angesema ndiyo. Nilikuwa nimeihangaikia ndiyo hiyo wiki nzima. Na nilijua nampenda, hilo sikuwa na shaka nalo. Lakini aliniuliza kama ninataka, na tangu kazi iende sikuwa nimetaka kitu chochote, hata chakula nilikula kwa sababu kimepakuliwa. Nilitafuta ndani sikupata kitu cha kumpa.

"Sijui," nikasema.

Alinitazama. Nilidhani atalia, au atanipiga kofi, na vyote viwili ningevikubali.

"Angalau hukusema sawa," akasema.

Akanyoosha mkono akazima gari. Akachomoa ufunguo, nisiwashe tena kama siku ile. Akafungua mlango, akashuka na begi upande mmoja na ufunguo wa gari langu upande wa pili, akatembea mpaka pale magari ya Nakuru yanapopakia.

"Tecla," nikaita. Sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyokusudia, na ikakatika katikati. Niliogopa. Niliogopa kwelikweli, na sikuwa nimeogopa kitu tangu mwaka uanze.

Hakugeuka. Makanga alimpokea begi akalisukuma ndani, akamwonyesha nafasi iliyobaki. Tecla akaweka mguu mmoja kwenye gari, mwingine ukabaki chini. Nikaona makanga akimwuliza jambo. Nikamwona akimjibu huku akinielekezea mimi kwa ule ufunguo.

Makanga aliuacha mlango wazi, akaja mpaka dirishani kwangu.

"Mzee," akasema, "mama anasema nikuulize wewe. Niko na watu wanangoja. Anaenda ama haendi?"